Gunia la Tatu

"Niambie kipi ni cha Nderitu," alisema Daktari Wagaki.

Inspekta Zaituni Abdalla aliinama juu ya meza ya maabara, mikono nyuma kama alivyoagizwa mlangoni. Visahani vitatu vya plastiki, vimefunikwa. Ndani ya kila kimoja ulikuwa umeota ukungu wa kijani, kijani cha nguo ya jeshi iliyofuliwa mara nyingi. Alivitazama kimoja kimoja, akarudia tena.

"Vyote ni sawa."

"Hivyo ndivyo macho yanavyosema. Hata darubini yangu ilisema hivyo hivyo wiki tatu zilizopita, nikakuandikia kwamba hii ni kuvu ya aina moja."

"Na barua hiyo niliipeleka mahakamani."

"Najua. Ndiyo maana nimekuita uje. Sikutaka kukuambia kwa simu."

Zaituni alivuta kiti akaketi.

Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita tangu hakimu wa Machakos amruhusu kumzuilia Nderitu, mwenye duka la nafaka katika soko la Ekalakala, kwa siku ishirini na moja. Kabla ya hapo kulikuwa na makaburi mawili. Syombua alikuwa na miaka tisa, mdogo wake Mbithe sita. Wote wawili macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, wakafa hospitalini wakipishana siku tatu, wiki ya Krismasi. Mama yao, Kamanthe, alilazwa wodi ya jirani na akapona. Daktari aliyepasua miili aliandika kwamba ini limekufa. Maabara ya kemia ikaongeza chanzo chake: aflatoksini, sumu ya mahindi yaliyoota kuvu.

Mahindi ya nyumba ile yalitoka sehemu mbili, ndivyo ilivyoandikwa katika faili. Madebe kadhaa kutoka ghala la mama mkwe, na gunia kutoka kwa Nderitu. Yalipopimwa, ya ghala na yale yaliyobaki dukani yalikutwa na sumu juu kidogo ya kiwango cha sheria. Unga uliosalia katika kopo la jikoni kwa Kamanthe ulikuwa na sumu mara mia zaidi. Zaituni aliamua kwamba Nderitu alikuwa na gunia moja baya kuliko mengine, akaliuza likaisha. Watu wa soko waliamua hivyo kabla yake, wakamvunjia duka kwa mawe.

"Endelea," alisema.

"Kila kiumbe kimeandikwa ndani kwa herufi nne tu, zinazorudiwa mamilioni ya mara. Hiyo ndiyo DNA. Mwanzo tulisoma kipande kifupi, kile ambacho maabara nyingi husoma. Shida ni kwamba kwa kuvu hizi kipande hicho kinakaribia kuwa kimoja. Ni kama kumtafuta mtu kwa jina la babu yake. Ukiita Muthoka pale sokoni Ekalakala, wangapi watageuka?"

"Wengi."

"Basi. Safari hii tumesoma yote, mwanzo hadi mwisho. Herufi milioni thelathini na saba kwa kila sampuli." Wagaki alisogeza visahani viwili upande mmoja, cha tatu akakiacha peke yake. "Hiki ni vumbi la duka la Nderitu. Hiki ni ghala la yule mama mzee. Spishi moja, ile ya kawaida. Utaikuta kila shamba kuanzia hapa mpaka Kitui. Hiki cha tatu kimetoka kwenye kopo la unga. Ni ndugu yao wa karibu sana, lakini ni spishi nyingine. Ile ya kawaida, kuna inayotoa sumu na kuna isiyotoa hata tone. Hii hutoa, tena kwa wingi."

"Nderitu angeweza kuwa nayo, gunia likaondoka nayo."

"Nilifikiria hivyo. Ulileta vumbi la pembe nne za duka, la mizani na la debe lake la kupimia. Nimeotesha kuvu arobaini na mbili. Zote ni za kawaida." Akainua kidole. "Siwezi kuapa kwamba hiyo nyingine haikuwahi kuingia mle. Naweza kuapa kwamba niliitafuta na sikuipata."

Zaituni aliandika kwenye daftari lake. Alipoinua uso Wagaki alikuwa ameshika bahasha ndogo ya karatasi.

"Unazikumbuka hizi? Zilizokuwa zimenasa kwenye mkunjo wa kopo."

Punje saba za mahindi. Zaituni aliziona siku ile alipolichukua kopo, akazihesabu, akaandika *punje 7, safi, nyeupe*. Hakuandika zaidi.

"Ziangalie vizuri."

"Zinang'aa."

"Hazikukobolewa kama za chakula cha muthokoi, ganda bado lipo. Zimepigwa brashi na mashine mpaka ukungu wa juu umetoka. Wa ndani haukutoka. Ekalakala kuna mashine ya hivyo?"

"Kuna ya kusaga na ya kukoboa. Ya kung'arisha, hapana."

"Basi kuna gunia la tatu, Inspekta. Na nadhani nimewahi kulikuta." Wagaki alifungua friji ya barafu iliyokuwa nyuma yake, akatoa kichupa kidogo kama kifundo cha kidole. "Mwaka jana wakaguzi walituletea mahindi ya shehena iliyokataliwa. Sisi kuvu hatutupi, tunagandisha. Nimelinganisha na hii ya kopo. Katika milioni thelathini na saba, zinatofautiana herufi sita."

"Za Nderitu na za kopo?"

"Maelfu kwa maelfu. Sikumaliza kuhesabu."

"Shehena ilikuwa wapi?"

Wagaki aliomba kwanza barua ya polisi, akaisoma mpaka chini kwenye muhuri, ndipo akamgeuzia kompyuta. Godauni la mtu binafsi, Athi River. Magunia mia nne. Amri ya kuharibiwa. Mwenye godauni: Bartholomew Kabiru.

Garini Zaituni alifungua faili juu ya usukani. Alikuwa na taarifa kumi na nne. Aliyoitafuta ilikuwa ya tisa, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Muthoka, miaka 34, kaka wa Kamanthe, mjomba wa marehemu. Kazi: mlinzi, Athi River.* Chini yake kulikuwa na nusu ukurasa juu ya mazishi na juu ya Nderitu. Mlinzi wa nini, hakuuliza.

Muthoka ndiye aliyechimba makaburi. Ndiye pia aliyempigia simu kila baada ya siku mbili. "Madam, mmefika wapi? Huyo mtu bado mko naye?" Na ndiye, kwa mujibu wa taarifa ya nne, aliyeupiga teke mlango wa Nderitu mpaka ukaanguka.

*

Nderitu aliletwa katika chumba cha mahojiano saa tisa alasiri. Alikuwa amepungua, na shati lilimning'inia. Mkewe, Ciku, alikuwa amekaa nje kwenye benchi na chupa ya chai, kama kila siku.

"Nderitu, nakuuliza tena. Kamanthe alinunua mahindi kwako lini mara ya mwisho?"

"Madam, hiyo swali nilijibu siku ya kwanza."

"Jibu tena."

"Oktoba. Kilo mbili. Baada ya hapo alikuwa anakuja kuchukua chumvi, sukari, mafuta ya kupima. Mahindi hapana. Nilimuuliza hata, nikamwambia, Mama Syombua, siku hizi mnakula nini? Akacheka tu."

"Hukuniambia kwamba alicheka."

"Ulikuwa unaandika wakati nilikuwa naongea. Nilifikiri umeandika."

Zaituni alifungua ukurasa wa taarifa yake. *Mshukiwa anakana kuuza.* Maneno matatu.

"Kesho nitaiandikia mahakama kwamba sihitaji tena kukuzuilia," alisema. "Leo mkuu wa kituo amekubali utoke kwa bondi ya bure. Unaweza kwenda nyumbani."

Nderitu hakusimama. "Wapi?"

"Nyumbani."

"Duka walivunja. Nyumba iko nyuma ya duka. Wanangu mama yao amewapeleka kwa nyanya yao. Miaka ishirini na mbili nimekaa Ekalakala, madam. Hao wasichana nilikuwa nawapea peremende wakitumwa dukani." Alikuna meza kwa ukucha. "Mimi hata kwa mazishi sikuenda."

"Nitakwenda kwa chifu mwenyewe nimwambie."

"Umwambie chifu. Halafu nani ataambia wale wengine?"

 Zaituni alimfungulia mlango. Ciku alisimama na chupa yake, akatazama mikono ya mumewe isiyo na pingu, akaanza kulia kabla hajaambiwa lolote.

Jioni hiyo hiyo Zaituni alipeleka ombi kwa hakimu. Hakimu aliitia sahihi hati ya kupekua godauni la Athi River kabla ya kufunga ofisi, baada ya kuuliza swali moja: kama inspekta alikuwa na hakika safari hii.

*

Asubuhi Zaituni alifika nyumbani kwa Kamanthe saa tatu. Mumewe, Ndambuki, alikuwa amesharudi Wamunyu kwenye karakana ya vinyago. Alifanya kazi huko siku zote za wiki, na hilo ndilo lililomwokoa. Makaburi yalikuwa upande wa chini wa kiwanja, udongo wake bado mwekundu kuliko udongo mwingine.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa nyumba yake. Ghala lake lilikuwa wazi, limefagiliwa, tupu.

"Mwaitu, habari ya asubuhi," alisema Zaituni, akimwita mama kwa Kikamba.

"Nzuri, mwanangu. Umekuja kunichukua?"

"Kukuchukua kwa nini?"

"Ile mahindi yangu ilikuwa na rangi ya kijani. Mimi niliona. Nikasema nitaosha. Nilipeana debe tatu kwa hii nyumba." Alinyoosha mkono kuelekea korongo. "Nimemwaga yote. Hata mbegu."

Zaituni alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa yule mama. "Nimetoka kwa daktari anayesoma ukungu. Amesoma wa ghala lako na wa kopo la jikoni. Si mmoja. Mahindi yako hayakuwaua."

Mama mkwe aliushusha mkono wake.

"Ana uhakika?"

"Ana uhakika."

"Basi nilimwaga bure."

"Si bure. Nayo yalikuwa na sumu kidogo, haikufaa kuliwa. Lakini siyo yaliyowaua watoto."

Yule mama aliokota upindo wa leso yake akapangusa uso mzima, si macho tu. Alisema kitu kwa Kikamba, chini kwa chini, majina mawili na neno la kushukuru. Zaituni, aliyezaliwa mtaa wa nyuma ya msikiti pale Machakos mjini na kucheza na watoto wa Kikamba tangu hajui kusoma, alielewa.

Kamanthe alikuwa amesimama kando ya jiko. Alikuwa amesikia yote.

"Mama Syombua, tuongee ndani."

"Watu wameacha kuniita hivyo."

"Na mimi niache?"

"Hapana. Ita tu."

Ndani kulikuwa na viti viwili na kitanda kilichotandikwa vizuri mno. Zaituni aliweka faili magotini.

"Umesikia nilichomwambia mama. Sasa nakuambia la pili. Nderitu ametoka. Kuvu ya kopo lako haikutoka dukani kwake."

Kamanthe alikaza mikono mapajani.

"Mahindi yale yalikuwa meupe, yanang'aa," alisema Zaituni. "Safi kuliko ya soko lote. Yalitoka wapi?"

"Kwa Nderitu."

"Kamanthe."

"Si ni wewe ulisema? Ulikuja hospitali, mimi hata kukaa sijaweza. Ukaniuliza, mahindi ulinunua kwa Nderitu? Nikasema ndiyo. Ulikuwa umeshasema wewe."

Zaituni alifungua taarifa ya kwanza kabisa. Ilikuwa hivyo. Swali lilikuwa limeandikwa juu ya jibu, na jibu lilikuwa neno moja.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuuliza vibaya. Sasa nauliza vizuri. Ni nani aliyeleta?"

Nje kuku alipiga kelele, akanyamaza. Kamanthe alitazama dirisha.

"Kaka yangu. Aliniambia nisiseme. Kabla hata watoto hawajagonjeka. Aliniambia, hii mdosi amenipea mimi pekee, wengine wakisikia nitafutwa kazi. Debe mbili. Alibeba kwa basi mwenyewe, gunia akarudi nayo." Aliinua mikono yake. "Ilikuwa safi, afande. Mimi nilichagua punje kwa mkono, sikupata hata moja mbaya. Ya mwaitu ndiyo ilikuwa mbaya, nikaiweka kando. Nikapikia watoto ile safi."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nakula ile ya mwaitu. Nilionja tu ya watoto."

Zaituni aliandika hayo polepole, neno kwa neno, akamsomea. Kamanthe akatikisa kichwa kukubali.

"Muthoka anajua kwamba ni hiyo iliyowaua?" Zaituni aliuliza.

"Hajui. Anajua ni Nderitu." Kisha akamshika mkono, kwa nguvu iliyomshangaza. "Asijue. Afande, nakuomba. Nifunge mimi. Andika nilidanganya. Baba yetu alikufa, mama yetu akakufa, tukabaki sisi wawili. Akijua atajimaliza."

"Sikufungi wewe."

"Basi acha kumwambia."

"Magunia yalikuwa mia nne. Mwenye nayo aliamriwa ayaharibu, badala yake akanunua mashine akayang'arisha. Tangu mwezi huu uanze, shule zinanunua mahindi ya chakula cha mchana. Ni Muthoka anayefungua geti. Ni yeye tu anayejua ni lori gani limetoka na limekwenda wapi."

Kamanthe alimwachilia mkono. Alinyanyuka, akatoa leso safi chini ya mto, akajifunga.

"Nitamwambia mimi," alisema. "Si polisi."

*

Walifika Athi River saa saba. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya EPZ walikuwa wamerudi kazini na vibanda vya chakula vimetulia. Zaituni aliyaacha magari mawili ya polisi na afisa wa afya ya umma nyuma ya kituo cha mafuta. Aliingia na Kamanthe katika kibanda kilichotazamana na geti la buluu, ambako Muthoka alikuwa anamalizia chai.

Alipomwona dada yake alisimama ghafla, akagonga meza. "Kamanthe? Nini mbaya? Madam, kuna nini? Huyo mtu amehukumiwa?"

"Kaa, Muthoka," alisema Kamanthe.

Alimwambia kwa Kikamba. Hakuzunguka. Alianza na kopo, akaja kwenye punje, akaja kwa daktari wa Nairobi aliyesoma ukungu. Muthoka alisikiliza akiwa ameshika kikombe. Mara moja alimgeukia Zaituni.

"Hapana, madam. Ile ilikuwa safi."

"Ilisafishwa juu tu."

"Ilipimwa. Mdosi alisema ilipimwa tena ikapita."

"Alikuonyesha karatasi?"

"Mimi ni mlinzi, madam. Nani anaonyesha mlinzi karatasi?" Aligeuka kwa dada yake, kisha kwa Zaituni tena, kama mtu anayetafuta ni yupi kati yao atakayekanusha. "Wale watu wa vipimo wanaweza kukosea."

"Wanaweza," alisema Zaituni. "Walikosea mara ya kwanza, na nikamfunga mtu. Ndiyo maana safari hii wamesoma yote. Kuvu iliyokuwa kwenye kopo na ile iliyochukuliwa mwaka jana ndani ya godauni hili ni moja."

Muthoka alikiweka kikombe mezani. Alikiweka pembeni mno kikaanguka, chai ikamwagika mapajani mwake, na hakusogea.

"Mimi sikula," alisema. "Hata punje. Niliwaza, acha wale watoto wale. Nilienda kwa mdosi nikamwambia, dada yangu huko hakuna mvua. Akanifungulia mwenyewe. Akasema, jichagulie." Alianza kuhema. "Nilizunguka, madam. Kulikuwa na magunia mengi. Nilikuwa nafungua moja, naweka mkono ndani, naangalia, nafunga. Nafungua ingine. Nilichagua ile safi kabisa."

 Mwenye kibanda alichukua kitambaa, akakirudisha alipokitoa.

"Na mlango wa Nderitu," alisema Muthoka.

"Hilo tutalizungumza baadaye," Zaituni alimjibu. "Sasa nataka kujua magunia. Yamebaki mangapi?"

Alipoanza kujibu hakusimama. Malori matatu yalikuwa yametoka. La kwanza kabla ya Krismasi, la kwenda Mombasa, hakujua kwa nani. La pili siku ya Jumatatu iliyopita, nalo hakujua liendako. La tatu juzi, dereva aliuliza njia ya Yatta, akataja shule ya msingi. Alikumbuka namba za usajili za magari yote matatu; alikuwa amezoea kuziandika getini. Zaituni alimpigia simu afisa wa elimu wa Yatta akiwa bado anaandika kwa mkono mwingine. Alimwambia asisubiri barua. Apige simu shule moja baada ya nyingine, na sufuria zishushwe motoni sasa hivi.

Baada ya dakika kumi na moja simu ililia. Shule ilipatikana. Magunia ishirini, mawili yamefunguliwa tangu jana. Watoto mia tatu na kumi walikuwa wamekula chakula cha mchana jana. Leo walikuwa kwenye foleni na sahani.

"Wamekula leo?"

"Wa darasa la kwanza na la pili wamekula," alisema afisa. "Wengine tumewazuia."

"Majina yao yaandikwe wote, wa jana na wa leo, na wapelekwe hospitali. Wote. Hata asiyelalamika."

Alikata simu. Muthoka alikuwa amesikia upande wake wa mazungumzo, na alielewa upande mwingine. Alisimama. Suruali ilikuwa imelowa chai. Alivuka barabara, akatoa funguo kiunoni, na aliposhindwa kuuingiza ufunguo katika tundu mara ya kwanza na ya pili, alitumia mikono miwili. Akavuta upande mmoja wa geti, akavuta wa pili, akasimama kando huku magari ya polisi yakiingia.

Ndani walikuta mashine ikizunguka, na vijana wawili waliovaa leso puani wakiilisha mahindi kwa karai. Kulikuwa na magunia mia mbili na thelathini na tisa, mengi yameshahamishiwa mifuko mipya. Afisa wa afya alichoma sindano ya sampuli katika gunia moja kati ya kila kumi, akaandika, akabandika utepe. Zaituni alisimamia mpaka utepe wa mwisho. Bartholomew Kabiru alikamatwa saa kumi na moja, ofisini kwake mjini. Neno lake la kwanza, kama Zaituni alivyoambiwa kwa redio, lilikuwa kwamba yule mlinzi ni mwizi, na kwamba mahindi hayo aliyaiba.

"Atasema hivyo mpaka mwisho," Zaituni alimwambia Muthoka. "Utaulizwa kortini, tena kwa ukali. Utasema ulivyoniambia mimi?"

"Nitasema."

"Itabidi uandikishe taarifa leo Machakos. Na juu ya duka la Nderitu utashtakiwa. Siwezi kulizuia hilo."

"Usizuie."

Zaituni alifungua mlango wa nyuma wa gari. Kamanthe alikuwa tayari ndani. Alikataa kurudishwa Ekalakala kwa gari jingine. Muthoka aliona hivyo akasita, akawa kama anatafuta pengine pa kukaa. Mwishowe aliingia, akajibana kwenye mlango wa upande wake, akaacha nafasi ya mtu mzima kati yao.

Zaituni aliketi mbele. Walipita viwanda, wakapita mzani wa malori, wakaingia barabara ya Machakos. Kisha alimsikia Kamanthe akisogea kwenye kiti.

"Nataka kukuambia kitu," Kamanthe alimwambia kaka yake. "Ile siku uliileta, nilipika ugali yake jioni. Walikuwa wamekataa ile ya mwaitu, wamelala njaa siku mbili. Walikula wakashiba."

Muthoka alitoa sauti isiyo neno.

"Mbithe aliomba kuongezewa," alisema Kamanthe. "Nikamwongeza."